Afya Yetu: Maji Hupenya Hata Usipoona

Tazama mtungi wa maji nyumbani kwako. Ndani una maji. Nje pia umelowa. Watu husema mtungi unatoa jasho. Jasho hilo limetoka wapi? Mtungi haukupasuka. Hauna tundu unaloweza kuliona. Hata hivyo maji yamepita.

Leo tutajifunza kwa nini maji hupita katika vitu vingine, na kwa nini hayapiti katika vingine. Somo hili si la wafinyanzi peke yao. Linahusu kisima chako, choo chako na uhai wa watoto wako.

KITU GANI HUZUIA MAJI?

Mtungi ni udongo uliochomwa. Kati ya chembe na chembe za udongo huo zimebaki nafasi ndogo sana. Maji hupenya humo polepole mpaka nje. Huko nje upepo huyakausha. Yanapokauka huchukua joto la mtungi. Ndiyo maana maji ya mtungini ni baridi.

Mama akipata chungu kipya, mara nyingi hupikia uji kwanza. Uji huingia katika vitundu na kuviziba. Baada ya hapo chungu hakivuji ovyo. Debe, bati na ndoo ya plastiki havina vitundu vya kupitisha maji, kwa hiyo havitoi jasho la namna hiyo.

Ipo njia nyingine ya kuzuia maji. Mwagia maji jani la gimbi. Maji yatakuwa matone ya mviringo. Yatateleza na kuanguka, na jani halitalowa. Jani hilo lina nta na vipele vidogo mno. Maji hayapendi kushikamana na nta wala mafuta. Bata naye hujipaka mafuta ya mwilini mwake kwenye manyoya. Hutoka majini akiwa mkavu.

Basi tukumbuke mambo mawili. Kitu huzuia maji kama hakina vitundu, au vitundu vyake vimezibwa. Pia huzuia maji kama maji hayawezi kushikamana nacho.

ARDHI NAYO NI KAMA MTUNGI

Sasa tutoke jikoni, twende nje. Ardhi unayoikanyaga ina vitundu pia.

Mchanga una chembe kubwa. Nafasi kati ya chembe ni kubwa, na maji hupita haraka. Udongo wa mfinyanzi una chembe ndogo sana. Ukilowa, huvimba na kubanana. Maji hupita polepole mno. Lakini udongo huo ukikauka hupasuka. Hapo maji hupita katika nyufa.

Wakulima wa Umatengo wanalijua jambo hili tangu zamani. Katika milima ya Mbinga wanalima kwa ngoro. Mashimo ya ngoro hushika maji ya mvua, yasiteremke mlimani na kuchukua udongo. Maji hutulia shimoni, kisha huzama ardhini polepole. Mazao hupata unyevu. Hilo ni jambo jema.

Lakini fikiri, ndugu msomaji. Shimo la choo nalo ni shimo. Majimaji yake huzama ardhini vilevile. Yakizama hayapotei. Huendelea na safari. Yakikuta kisima njiani, yataingia.

Kama unakaa ufukweni, Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, mahali penye mchanga safari hiyo huwa ya haraka. Tena karibu na ziwa maji ya ardhini hayako mbali. Kama unakaa Ngaka au milimani, usijidanganye kuwa udongo mzito utakulinda. Nyufa, mashimo ya mchwa na mizizi iliyooza ni njia za maji. Na maji siku zote hufuata mteremko.

JARIBUNI WENYEWE

Chukueni makopo mawili matupu. Toboeni vitundu chini kwa msumari. Moja litieni mchanga. La pili litieni udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, mkaushindilie. Mimineni kikombe kimoja cha maji ya tope katika kila kopo. Kopo gani limetoa maji kwanza?

Tena tazameni maji yaliyotoka mchangani. Yamekuwa maangavu kuliko yalivyoingia. Tope limebaki juu. Je, sasa ni salama kuyanywa? Hapana! Vijidudu vya kipindupindu ni vidogo sana. Ukivipanga elfu moja kwa mstari mmoja, mstari huo utakuwa na urefu wa kama milimita 2 tu. Vijidudu hivyo vinaweza kupita pale tope lilipokwama. Maji maangavu si lazima yawe maji salama.

KISA CHA LONDON

Mwaka 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Broad Street, mjini London, Uingereza. Watu zaidi ya 600 walikufa. Daktari John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza wagonjwa walikunywa maji gani. Wengi walikuwa wamekunywa maji ya kisima kimoja chenye pampu. Watu waliyapenda maji yale. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa.

Mwaka uliofuata ardhi ilifukuliwa. Ikaonekana kuwa shimo la maji machafu la nyumba ya jirani lilikuwa chini ya mita 1 kutoka kisimani. Matofali ya shimo hilo yalikuwa yameoza na kuachia. Katika nyumba hiyo mtoto mchanga alikuwa ameharisha. Maji ya kufulia nepi zake yalimwagwa shimoni. Hakuna aliyeona uchafu ukipita, lakini ulipita.

Na sisi je? Mwezi wa Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi ya Tanzania. Ugonjwa huu haujawa hadithi ya zamani.

TUFANYE NINI?

Kwanza, pima. Simama chooni, hesabu hatua mpaka kisimani. Umbali usipungue mita 30. Hizo ni kama hatua 40 za mtu mzima. Choo kiwe upande wa chini wa mteremko, kisima upande wa juu.

Pili, usichimbe choo mpaka kwenye maji. Kati ya chini ya shimo na maji ya ardhini zibaki angalau mita 1 na nusu, hata wakati wa masika. Mahali ambapo maji yako karibu, jengeni choo kilichoinuliwa juu ya ardhi. Mwombeni bwana afya awaonyeshe.

Tatu, zibeni kisima. Ukuta wa ndani, mita 3 za juu, usipitishe maji. Mdomo wa kisima uinuliwe na uwe na mfuniko. Pembeni jengeni sakafu ya zege na mfereji wa kupeleka mbali maji yanayomwagika.

Nne, zege litengenezwe vizuri. Changanyeni ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga safi na ndoo 4 za kokoto. Msitie maji mengi. Maji yakizidi, baadaye hukauka na kuacha vitundu, kama vile vya mtungi. Funikeni zege kwa magunia na kuyamwagilia kwa siku 7. Likikauka upesi litapasuka.

Tano, sakafu ya choo ipigwe saruji na kulainishwa. Sakafu ya udongo hunyonya mkojo na haisafishiki. Vijidudu vya safura hupenda udongo wenye unyevu, kisha huingia mwilini kupitia miguu iliyo peku.

Sita, chemsheni maji ya kunywa, hata yakiwa maangavu, hata yakiwa ya ziwani. Yatokote kwa dakika 1 au zaidi. Yahifadhini katika chombo safi chenye mfuniko.

Ndugu msomaji, mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma, walisikiliza redio, walijadiliana. Kisha walichukua majembe wakachimba vyoo. Elimu yao haikubaki kitabuni. Nasi tufanye hivyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mtungi hutoa jasho, lakini debe halivuji?
2. Je, kisima chetu kiko hatua ngapi kutoka choo kilicho karibu?
3. Nani kijijini anajua kupiga zege? Tutaanza kazi siku gani?