Ng'ombe Zizini, Mwenyewe Barazani: Maneno ya Sheria ya Uingereza ya Kale (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tulimwacha mdaiwa aliyeitwa barazani asitokee. Katika Uingereza ya karne ya 13, mashauri mengi ya madai hayakuanza kwa kumtia mtu mbaroni. Shinikizo lilianza na mali yake.

Neno la kwanza ni "distress". Asili yake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kubana. Bwana wa ardhi asiyelipwa haki yake aliingia shambani, akaswaga ng'ombe wawili hadi zizi la kuzuilia. Hakuruhusiwa kuwatumia kulima wala kuwauza. Zizi likiwa la wazi, mkulima mwenyewe ndiye aliyebeba majani kwenda kuwalisha, huku akiwatazama tu. Ndiyo maana siafiki wanaolifasiri neno hili kuwa "kufilisi". Aliyefilisiwa amekwisha, huyu amebanwa ili alipe. Ruhusa ya kuuza mali iliyokamatwa kwa kodi ilikuja mwaka 1689. Kenya, Sura ya 293 ya sheria bado inalibeba neno hilo katika jina lake la Kiingereza, ingawa mpangaji wa leo humjua zaidi dalali anayebisha hodi.

Mkulima akipinga deni, aliweka wadhamini mbele ya sherifu, yaani afisa wa mfalme katika kaunti, kwamba atafungua shauri, akarudishiwa ng'ombe wake. Hiyo ndiyo "replevin". Lakini mabwana wengine waliwavusha ng'ombe hadi kaunti nyingine, jambo lililopigwa marufuku na Sheria ya Marlborough ya 1267, au wakawafungia ngomeni. Hapo lilitumika neno zito la kale, "withernam": kukamata kwa kujibu kukamata. Sherifu alichukua ng'ombe wa bwana yule hadi wa mkulima warudi. Sheria ya Westminster ya 1275 ilikwenda mbali zaidi: bwana akikaidi, ngome ibomolewe. Kwa ajili ya ng'ombe wa mkulima!

Mahakama nayo ilibana kwa hati ya "distringas", yaani "umbane". Sherifu alishika ardhi na mali ya mdaiwa, na mapato yake yakapotea kila alipokosa kufika. Masherifu wengi waliandika mapato madogo mno, hata Sheria ya Westminster ya 1285 ikawalalamikia waziwazi. Tajiri aliyebanwa kwa senti chache alikaa nyumbani kwa raha zake.

Wiki ijayo tutaangalia "capias", hati iliyoacha ng'ombe na kumkamata mtu mwenyewe.