Kuzimua Rangi ya Vifaru na Ndege za Mfano

Kifaru cha plastiki kisichozidi urefu wa kiganja huweza kumchukua mtu jioni zote za mwezi mzima. Magurudumu huunganishwa moja baada ya jingine, minyororo hupangwa kipande kwa kipande, na viungo husuguliwa kwa msasa mpaka visionekane. Kisha siku ya kupaka rangi hufika, na kazi ya mwezi huharibika kwa dakika tano. Rangi hufukia vichwa vya ribiti, au huchuruzika ubavuni, au hukauka ikiwa na chembechembe kama ukuta uliopigwa chokaa kwa haraka. Mwenye kazi huulaumu mkono wake, ama hukilaumu chombo alichokinunua kwa fedha nyingi. Aghalabu kosa halikuwa mkononi wala katika chombo. Lilikuwa kikombeni, katika namna rangi ilivyozimuliwa.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha sababu. Modeli nyingi za vifaru hutengenezwa kwa kipimo cha 1:35, yaani sentimita 1 ya modeli ni sentimita 35 za kifaru chenyewe. Ndege nyingi hutengenezwa kwa 1:48 au 1:72. Tabaka la rangi lenye unene wa milimita 0.1, ambalo jicho hulidharau, ni sawa na milimita 3.5 juu ya kifaru halisi, na milimita 7.2 juu ya ndege ya 1:72. Hakuna ndege iliyopata kuruka ikiwa na ganda la rangi nene kama hilo. Basi anayetaka modeli yake ifanane na kitu halisi hana budi kuifanya rangi kuwa nyepesi, aipake kwa matabaka kadhaa membamba, wala asitafute kumaliza kwa mpako mmoja.

Kipimo hicho cha 1:72, kwa kusema pembeni, hakikuwa cha mchezo tu. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwataka wanafunzi wa shule kuchonga modeli 500,000 za ndege kwa mbao, ili askari wajifunze kuitambua ndege ya adui na ya rafiki. Zilipakwa rangi nyeusi, mwanafunzi asipotoshwe na alama bali alitazame umbo. Modeli ya namna hiyo ikiwekwa mita 10 kutoka kwa mtazamaji, huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720.

Wala kuzimua rangi si shida ya wapenzi wa modeli peke yao. Mwezi Februari 1943 jeshi la Ujerumani liliamuru vifaru vyake vipakwe rangi ya manjano iliyofifia kuwa rangi ya msingi. Vikosi vilipewa makopo ya rangi nzito kama uji mgumu, ya kijani na ya hudhurungi, ili askari wenyewe waizimue kwa petroli au kwa maji na kupuliza mabaka ya kujificha. Kila kikosi kilizimua kwa kadiri ya hali yake. Matokeo yake ni kwamba vifaru viwili vya aina moja, vilivyotoka kiwanda kimoja, viliweza kuonekana tofauti kabisa vitani: kimoja kikiwa na mabaka mazito, kingine yakiwa kama kivuli. Wale wabishanao hadi leo juu ya kijani ipi iliyo sahihi yafaa wakumbuke makopo hayo.

Chombo chenyewe, brashi ya upepo, kina asili ya Marekani. Abner Peeler wa mji wa Webster City katika jimbo la Iowa alibuni cha mwanzo katika miaka ya 1870, kikiwa chombo cha wachoraji wa picha. Ufanyaji kazi wake unafahamika kwa kila nyumba iliyowahi kuwa na bomba la kupulizia dawa ya mbu: upepo upitao kwa kasi mbele ya tundu huvuta majimaji na kuyapasua yakawa ukungu. Tofauti ni kwamba katika brashi ya upepo tundu hilo lina upana wa kama milimita 0.3, na ndani yake mna sindano inayolifungua na kulifunga. Katika brashi zilizo bora, kitufe kikibonyezwa hutoka upepo, na kikivutwa nyuma hutoka rangi. Rangi nzito haiwezi kupita katika tundu la namna hiyo. Rangi iliyozidi wepesi hupita, lakini haitulii mahali pake.

Kila rangi ina kizimulio chake, na hapa ndipo wengi hukosea. Rangi ya mafuta huzimuliwa kwa tapentaini au spiriti ya madini. Rangi ya maji huzimuliwa kwa maji safi, ingawa maji matupu mara nyingi hujikusanya matone juu ya plastiki, na kizimulio kinachouzwa pamoja na rangi hiyo huwa bora. Baadhi ya rangi za maji hukubali spiriti na kukauka upesi; nyingine, zikikutana nayo, huganda kama maziwa yaliyotiwa limau, na brashi huziba hapo hapo. Tone moja la rangi na tone moja la spiriti juu ya kigae cha sahani vitatoa jibu kabla hasara haijatokea. Ama tina ya gereji, ile ya kupakia magari, ni kali mno. Ikimwagwa nyingi huiyeyusha plastiki yenyewe, na pua ya ndege ikawa kama mshumaa uliokaa juani. Petroli isitumiwe kabisa, hata kama askari wa 1943 waliitumia.

Kiasi gani? Kwa rangi ya mafuta na rangi nyingi za maji, sehemu moja ya rangi kwa sehemu moja ya kizimulio ni mwanzo mzuri. Lakini rangi hutofautiana kopo kwa kopo, na kopo lililokaa wazi huzidi uzito, hivyo jicho ndilo liamue. Rangi ikorogwe kwanza mpaka chini ya kopo pasibaki tope, kisha kizimulio kiongezwe kidogo kidogo. Kikombe kikiinamishwa na kurudishwa, rangi iteremke ubavuni kama maziwa, ikiacha utando mwembamba unaoonyesha kikombe kwa ndani. Ikiteremka kama mtindi, bado. Ikiteremka kama maji bila kuacha utando, imezidi, na yapasa kuongezwa rangi.

Upepo nao ulingane na rangi. Pauni 15 hadi 20 kwa inchi ya mraba zatosha kwa kazi nyingi. Gurudumu la gari dogo huhitaji kama 30. Jaribio lifanywe juu ya kipande cha plastiki kilichobaki, wala si juu ya modeli. Rangi ikitua kama vumbi kavu, ama ni nzito, ama brashi iko mbali mno. Ikitawanyika kutoka kati kama miguu ya buibui, ni nyepesi mno, au upepo umezidi, au mkono uko karibu mno. Umbali wa sentimita 5 hadi 10 hufaa. Mkono uanze kutembea kabla rangi haijatoka, upite modeli yote, na rangi ifungwe ukiwa umekwisha toka upande wa pili. Asimamaye katikati ndiye achuruzishaye. Mpako wa kwanza usifunike kitu. Uonekane kama umande tu. Ukikauka, wa pili, kisha wa tatu.

Kwa wakaao pwani au kando ya maziwa, na kwa wote wakati wa masika, kuna adui mwingine. Kompresa hukamua unyevu wa hewa ukawa maji ndani ya mpira, na ghafla brashi hutema tone katikati ya bawa lililokuwa safi. Kichujio cha maji hufungwa kwenye mpira kwa ajili hiyo, na humwagwa kila kazi ikiisha.

Jambo zito kuliko yote halihusu modeli. Familia nyingi za kambini huishi katika chumba kimoja au viwili, na chumba anachopulizia baba ndicho analalamo mtoto. Ukungu wa rangi huingia mapafuni, na mvuke wa tapentaini au tina hupanda kichwani. Kitambaa kilichofungwa puani huzuia vumbi, hakizuii mvuke. Barakoa inayofaa ni ile yenye vichujio vya mkaa maalumu. Kazi ifanywe barazani au kwenye dirisha lililo wazi, watoto wakiwa mbali, na jiko la mkaa au la mafuta ya taa lisiwake karibu, kwa kuwa mvuke huo hushika moto. Rangi za makopo ya zamani, hasa za manjano na nyekundu, zisisuguliwe kwa msasa ovyo, maana baadhi yake zilitiwa madini ya risasi ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Na tapentaini isiwekwe kamwe katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hajui kusoma harufu. Aliyeinywa asitapishwe, kwa sababu mafuta hayo hudhuru zaidi yakiingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ipelekwe pamoja naye.

Kazi ikiisha, kikombe kimwagwe katika kopo la taka, si katika mfereji. Kizimulio safi kipulizwe kupitia brashi mpaka kitoke bila rangi, kisha sindano ichomolewe taratibu kwa nyuma na kufutwa kwa kitambaa kuelekea ncha. Ncha iliyopinda kidogo tu hupuliza upande, na hakuna uzimuaji utakaoinyosha.