Askari wa Damu na Makufuli Yao



Kuna swali linalorudi kila mara mahali wachimbaji wanapopumzika. Watu wawili wameshuka katika shimo moja miaka kumi. Wamekula vumbi moja, wamelala katika kambi moja. Mmoja anapatwa na kifua kikuu, mwingine anaendelea kupiga koleo kama kawaida. Wengine wanasema ni bahati. Wengine wanasema kuna mtu amemtupia kitu.

Ukurasa huu hauna jibu moja la kumaliza maneno yote, kwa sababu mambo ni mengi: njaa, pombe, ukimwi, ugonjwa wa sukari, nyumba isiyo na dirisha. Lakini kuna sababu moja ambayo wataalamu wameanza kuijua vizuri katika miaka hii ya karibuni, nayo imo ndani ya damu yenyewe. Tutaieleza pole pole.

Mgonjwa akifika hospitali ya Nyankunde, huko kusini-magharibi ya Bunia, mara nyingi atatolewa damu kidogo kabla ya kupewa dawa. Watu wanalalamika: damu yangu inakwenda wapi? Inakwenda kuhesabiwa. Katika tone dogo kama kichwa cha pini, yaani milimita moja ya ujazo, mtu mzima mwenye afya ana chembe nyeupe karibu 4,000 mpaka 11,000. Hao ndio askari wa mwili. Wako wanaomeza uchafu na vijidudu, na wengine wanakaa ndani ya mapafu wakingoja vumbi letu. Wako wanaokimbilia kidonda na kufa huko baada ya siku chache. Usaha unaouona ni maiti zao. Tena wako limfosaiti, askari wenye kumbukumbu, ambao wakipigana na ugonjwa mara moja wanaweza kuutambua tena baada ya miaka mingi. Chanjo inafanya kazi kwa sababu ya hao.

Wengi wa hao wanazaliwa katika kambi moja, ndani ya uboho, ule tunaoufyonza katika mfupa wa ng'ombe. Tena wanatoka kwa mama mmoja, chembe-mzazi ya damu. Basi namna gani watoto wa mama mmoja wanatoka na kazi mbalimbali?

Fikiri depo kubwa ya kompani. Ndani yake kuna vyumba vingi sana: chumba cha nyundo, cha pampu, cha nyaya za umeme, cha baruti. Karibu kila chembe ya mwili wako ina depo yake, na depo zote ni karibu sawa. Depo hiyo ndiyo DNA, ile waganga wetu waliosoma Kifaransa wanaiita ADN. Chembe ya ini ina chumba cha baruti, na askari wa damu ana chumba cha ini. Ikiwa milango yote ingekuwa wazi, kazi ingekuwa fujo tupu. Kwa hiyo vyumba visivyohitajiwa vinafungwa kufuli.

Kufuli lenyewe linaitwa metili. Ni kitu kidogo ajabu: atomu moja ya kaboni na tatu za haidrojeni, basi. Linatiwa juu ya herufi moja ya DNA, ile inayoitwa C, hasa pale inapofuatwa na G. Mahali pa namna hiyo katika depo ya mwanadamu ni karibu milioni 28, na kwa kawaida saba au nane katika kila kumi pamefungwa. Maandishi ya DNA hayabadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni chumba gani kiko wazi na kipi kimefungwa.

Sasa sikiliza jambo la uzima na kifo cha askari hao. Chembe inapojigawa kuwa mbili, depo yote inajengwa mara ya pili, lakini depo mpya inatoka bila makufuli upande mmoja. Lazima fundi apite nyuma, aangalie depo ya zamani, na kutia kufuli pale pale palipokuwa nalo. Fundi huyo ni protini inayoitwa DNMT1. Hapumziki, maana uboho unajigawa usiku na mchana.

Wataalamu walitaka kujua nini kingetokea fundi huyu akipungua. Walifanya majaribio katika panya wa maabara. Mwaka 2001 walimwondoa fundi katika askari wachanga wa aina ya T, na wengi wa askari hao hawakuishi mpaka kukomaa. Mwaka 2009 wengine walimpunguza tu katika chembe-mzazi za uboho. Uboho ule uliendelea kutoa chembe nyekundu na wamezaji, lakini ulishindwa kutoa limfosaiti, wale wenye kumbukumbu. Maana yake, bila makufuli yake mtoto wa uboho anakimbilia kazi iliyo karibu na hafiki kwenye kazi ngumu. Kwa wanadamu pia tunaona. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na kasoro katika fundi mwingine, DNMT3B, ambaye kazi yake ni kutia makufuli mapya. Damu yao inakosa kinga ya kutosha, na wanagonjwa mapafu na tumbo mara kwa mara tangu utoto.

Turudi kwenye shimo. Vumbi la jiwe lina silika. Askari mmezaji wa mapafu analimeza akidhani ni adui wa kawaida, lakini silika haisagiki. Inampasua, anakufa, vumbi linatoka, na mwingine anakuja kulimeza lile lile. Ndivyo silikosi inavyoanza, na silikosi haina dawa ya kuiondoa. Pafu lenye askari waliochoka namna hiyo ni mlango wazi kwa kifua kikuu.

Na kijidudu cha kifua kikuu ni mjanja. Mwaka 2020 wataalamu waliochunguza damu ya wagonjwa wa kifua kikuu katika nchi ya Eswatini walitangaza walichokiona. Nchi hiyo, tujue, imetuma wanaume wake katika migodi ya Afrika ya Kusini kwa vizazi vingi. Katika askari wa wagonjwa hao makufuli yalikuwa yameongezeka, tena juu ya vyumba vile vya kupigia kengele ya vita. Askari yuko, unaweza kumhesabu katika tone la damu, lakini chumba chake cha silaha kimefungwa. Kwa hiyo hesabu nzuri ya chembe nyeupe peke yake isimdanganye mtu anayekohoa.

Moshi wa sigara nao unachezea makufuli. Mwaka 2016 ilitangazwa hesabu kubwa iliyokusanya damu ya watu karibu 16,000. Kwa wavutaji, makufuli yalikuwa yamehama katika jeni zaidi ya 7,000. Tunaandika habari hii kwa furaha kidogo, maana ina upande mzuri: kwa walioacha, mahali pengi palirudi kuwa kama pa mtu asiyevuta katika muda wa miaka mitano. Si pote. Sehemu nyingine zilionyesha alama hata baada ya miaka 30. Mzee anayesema amechelewa mno kuacha hajachelewa, lakini kijana anayesema ataacha baadaye anajiwekea deni.

Sasa neno kwa jamaa za nyumbani, kwa sababu makufuli ya kwanza yanatiwa mtoto akiwa bado tumboni.

Habari hii ni ya karibu nasi. Mwaka 2012 kundi la Connie Mulligan wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, lilitangaza kazi iliyofanywa Goma. Walichukua mama 25 na watoto wao waliozaliwa. Waliwauliza mama mambo waliyopita wakati wa mimba: vita, ubakaji, kukimbia, na taabu za kila siku. Kisha wakapima damu ya kitovu. Mama aliyeteseka zaidi, mtoto wake alikuwa na makufuli zaidi juu ya jeni moja inayoitwa NR3C1, na uzito wake wa kuzaliwa ulikuwa mdogo. Jeni hiyo inatengeneza sikio ambalo chembe inatumia kusikia homoni ya hofu, kortizoli. Na homoni hiyo ndiyo pia inayowaambia askari wa damu watulie.

Mama 25 si wengi, na kazi moja haimalizi jambo. Lakini Ituri haihitaji kufundishwa taabu. Tarehe 5 mwezi wa tisa mwaka 2002 Nyankunde ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa ndani ya hospitali, na waliopona walitembea kwa miguu siku nyingi porini mpaka Oicha. Watoto waliozaliwa mwaka ule ni vijana wakubwa leo. Kwa hiyo mume anayempiga mke mwenye mimba, au anayekunywa mshahara wote kabla ya kufika nyumbani, ajue kwamba hofu na njaa vinavuka kitovu.

Chakula nacho kinahusika. Metili haitoki hewani. Mwili unaitengeneza kwa msaada wa folati, vitamini iliyo katika majani ya kijani, maharagwe na maini. Katika Gambia, mwaka 2014, ilionekana kwamba chakula cha mama wakati wa kushika mimba, kwa kufuata majira ya mvua na ya kiangazi, kilibadilisha makufuli ya mtoto. Lengalenga ipikwe muda mfupi, maana moto mrefu unaharibu folati. Lakini sombe msiifupishie moto! Sombe isiyotwangwa na kuiva vizuri ina sumu. Na vidonge vya chuma na folati mnavyopewa katika kipimo cha mimba, mmeze ninyi wenyewe, msiviweke kabatini.

Mtu akiwauzia sokoni dawa ya kufungua makufuli ya damu, mwacheni na chupa yake. Dawa za kuondoa metili zipo kweli, kama azasitidini, lakini ni za magonjwa makali ya uboho, zinatolewa na mganga bingwa, na zinaweza kuwashusha askari wa damu kuliko ugonjwa wenyewe.

Katika shimo, toboeni jiwe likiwa na maji. Kitambaa puani hakizuii vumbi jembamba. Vaeni barakoa yenye chujio. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani ya nyumba wanamolala watoto. Zilowekwe majini kwanza.

Aliyekohoa wiki mbili apeleke makohozi ya asubuhi kwenye kituo cha afya, hata kama anavuta sigara na anadhani ni ya moshi tu. Dawa za kifua kikuu ni za bure. Kwa ugonjwa wa kawaida ni miezi sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili. Mwezi wa pili kikohozi kinapungua na mwili unarudi, na hapo ndipo wengi wanaacha. Vijidudu vilivyobaki vinangoja siku hiyo. Na wakati wa kuchukua dawa zako, nenda na wale unaolala nao nyumba moja, watoto wakiwa wa kwanza, nao wapimwe.