Wahesabiwa wapi? Kijiji cha mtu mmoja na mtaa wetu wa Riruta Satellite

Agosti 2019, wiki moja kabla ya sensa, mama alinipigia simu kutoka Faza. "Mwanangu, njoo uhesabiwe kwenu. Nyumba hii tulikuwa kumi, leo karani akija atamkuta nani?" Nikamwambia nauli ya basi hadi Lamu, na ya boti juu yake, imenishinda, na kazini sikupewa ruhusa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, Mungu yupo."

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti nililala chumbani kwangu Riruta Satellite, Nairobi. Karani alipobisha na tableti yake nilimjibu kila alichouliza: wangapi walilala hapa, umri, kabila, elimu, kazi, maji twayatoa wapi, choo ni cha aina gani, paa ni la nini. Alipotoka nilibaki na swali la mama. Je, nimewapunguzia watu wa kwetu haki yao? Na huu mtaa nilioongezwa kwenye hesabu yake, umepata nini?

Swali hilo limenifanya nisome ripoti za sensa kuliko nilivyowahi kusoma kitabu chochote cha shule. Leo nataka nieleze niliyoyaelewa, maana sensa nyingine inatarajiwa mwaka 2029, na kabla yake kuna jambo la mipaka ya maeneo bunge ambalo linatugusa sana sisi watu wa Pwani.

Nitaanzia mbali kidogo. Katika jimbo la Nebraska, Marekani, kuna kijiji kinaitwa Monowi. Miaka ya 1930 kilikuwa na watu kama 150. Vijana wakahamia mijini, wazee wakafariki. Sensa ya mwaka 2000 ilikuta watu wawili, mume na mke. Mume alifariki mwaka 2004, na sensa ya 2010 ikaandika idadi ya wakazi wa Monowi: mtu 1. Mama huyo mjane ndiye alikuwa meya, karani, mweka hazina, mwenye baa na mtunza maktaba ya vitabu alivyoacha marehemu mumewe.

Watu hucheka wakisikia habari hii, lakini mimi nilisimama kwenye jambo jingine. Kwa sheria ya Nebraska, Monowi ni kijiji kamili chenye mipaka yake. Kwa hivyo kwenye majedwali ya sensa ya Marekani kina mstari wake: watu wangapi, umri gani, kaya ngapi, nyumba ngapi tupu. Waandishi wa habari waliomtembelea yule mama waliandika kwamba kila mwaka huandaa mpango wa barabara za kijiji, ili jimbo litoe pesa za taa nne za barabarani. Mtu mmoja, taa nne.

Kuna kichekesho kingine chenye mafunzo. Sensa ya 2020 ilitangaza kwamba Monowi ina watu wawili. Yule mama alishangaa, maana alikuwa peke yake. Idara ya sensa ya Marekani ilieleza kuwa siku hizi takwimu za sehemu ndogo huchezewa kidogo kwa makusudi, ili mtu asiweze kutambuliwa kupitia majedwali. Kwa mji wa watu laki moja, mtu mmoja wa kuongeza hauoni. Kwa Monowi, idadi imezidi mara mbili. Basi tujue: kadiri mahali panavyokuwa padogo, ndivyo kosa dogo linavyokuwa kubwa.

Sasa turudi Riruta Satellite. Wasioujua mtaa huu, uko upande wa magharibi wa Nairobi, jirani na Kawangware, kati ya barabara ya Ngong na ile ya Naivasha. Ukiuangalia kwa macho, uchumi wake unausoma asubuhi moja tu. Saa kumi na mbili watu wanamiminika kwenda steji. Wengine wanatembea kwa miguu kuelekea Lavington na Kilimani, kufanya kazi za nyumbani, kulinda mageti, kubeba zege kwenye mijengo. Wanaobaki ni mama mboga, fundi cherehani, kinyozi, wa M-Pesa, wa chipsi, kijana wa bodaboda, muuza maji kwa mitungi. Ploti za vyumba vya mabati zinabomolewa moja moja, na mahali pake panasimama ghorofa ambazo mpangaji wa zamani hawezi kodi yake. Nyuma ya ploti ninapoishi kuna kichochoro ambacho kina mama wanakiogopa ikishafika Magharibi, kwa kuwa hakina taa hata moja. Ndiyo maana zile taa nne za Monowi sikuzisahau.

Lakini ukitaka kuusoma uchumi huo kwenye ripoti ya sensa, utafika mahali mlango umefungwa. Sensa yetu hupangwa kwa ngazi: kaunti, kaunti ndogo, divisheni, lokesheni, sublokesheni. Ukishuka hadi sublokesheni, ripoti iliyochapishwa inakupa wanaume wangapi, wanawake wangapi, kaya ngapi, ukubwa wa eneo na msongamano. Basi. Habari za kazi, maji, vyoo na kuta za nyumba, zile zote alizoniuliza karani, zimechapishwa kwa ngazi ya kaunti ndogo na kwenda juu. Kwa hivyo chumba changu cha Riruta Satellite kimechanganywa na nyumba zote za Dagoretti, za mabati na za ghorofa, na kutolewa wastani mmoja. Wastani huo si uongo, lakini humo kichochoro chetu hakionekani.

Kaunti ndogo ya Dagoretti ilihesabiwa watu 434,208 mwaka 2019, katika eneo la takriban kilomita za mraba 29. Kaunti nzima ya Lamu, kutoka Kiunga hadi Witu, ilihesabiwa watu 143,920. Yaani Dagoretti, ambayo mtu anaweza kuivuka kwa miguu kabla ya Adhuhuri, ina watu mara tatu ya Lamu yote. Lamu ina gavana, seneta, bunge lake la kaunti na bajeti yake. Dagoretti ni kipande cha Nairobi.

Na mipaka yenyewe inachanganya. Sensa ya 2019 iliigawa Nairobi katika kaunti ndogo 11, ilhali maeneo bunge ni 17. Wadi ya Riruta iko eneo bunge la Dagoretti Kusini, na wadi ya Kawangware, majirani zetu, iko Dagoretti Kaskazini. Mbunge akitaka kujua hali ya watu wake, jedwali la sensa halimkatii mpaka wake. Hapo ndipo mtaa unapopotea, na hata ukijaa watu kama siafu utapotea tu, maana hakuna mstari wenye jina lake.

Hesabu isipokuwepo, maneno hujaza pengo. Mfano uko karibu na sisi hapa, Kibera. Kwa miaka mingi ilisemwa duniani kote kwamba Kibera ina watu milioni moja na zaidi. Sensa ya 2009 ikaja na 170,070. Wengi walikataa. Lakini kabla ya hapo kundi la watafiti na vijana wa Kibera wenyewe lilikuwa limekwenda mlango kwa mlango katika kijiji kimoja, Kianda, wakapata watu 15,219. Kutokana na hapo walikadiria kwamba Kibera yote haizidi watu 270,000 hivi. Hawakuafikiana na serikali neno kwa neno, lakini wote wawili walikuwa mbali sana na milioni. Ile milioni haikumjengea mtu choo. Ukipanga vyoo vya watu milioni moja utaona kazi haiwezekani, utaiacha. Ukipanga vya watu 15,219 wa Kianda, unaweza kuanza kesho.

Sasa nije kwenye la mama, la kwetu Pwani.

Hesabu ya watu inagawa vitu viwili: pesa na uwakilishi. Pesa za kaunti hugawanywa kwa fomula inayopitishwa na Seneti. Fomula ya pili iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Mwaka 2020, wakati wa kupitisha ya tatu, maseneta walivutana kwa miezi. Upande mmoja ulisema mtu mmoja, shilingi moja. Upande wa pili, ambao kaunti kadhaa za Pwani na za Kaskazini Mashariki zilikuwa zipoteze, ulisema ardhi kubwa yenye watu wachache nayo ina gharama yake: boti ya wagonjwa kutoka Kizingitini haitumii mafuta kidogo eti kwa kuwa abiria ni mmoja. Mwisho fomula ile iliiacha idadi ya watu na asilimia 18, na vigezo vingine kama afya, umaskini, ukubwa wa eneo na mgao sawa vikachukua nafasi.

Uwakilishi ni mgumu zaidi. Kenya ilihesabiwa watu 47,564,296. Gawanya kwa maeneo bunge 290, unapata kama watu 164,000 kwa kila mbunge. Katiba inaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 40 katika miji na sehemu zenye watu wachache, kwa hivyo kiwango cha chini ni kama watu 98,000. Lamu Mashariki, kwetu, ilihesabiwa watu 22,258. Lamu Magharibi 121,662. Kaunti nzima ya Lamu haifikishi kiwango cha kawaida cha mbunge mmoja, nayo ina maeneo bunge mawili.

Mipaka ilipopitiwa mwaka 2012, Katiba ilikataza eneo bunge lolote lililokuwepo lisifutwe. Ndiyo maana Lamu Mashariki ilibaki. Lakini ulinzi ule ulikuwa wa mapitio ya kwanza tu. Ya pili hayana kinga hiyo. Wasomaji wa Faza, Kiunga na Basuba, hili si la kuachiwa wanasiasa.

Je, basi, tungerudi sote usiku ule? Niliwahi kudhani hivyo. Sasa sidhani. Kwanza, sensa yetu humhesabu mtu alipolala usiku wa sensa, na lengo ni kujua watu wako wapi. Ukisafiri usiku mmoja ukaandikwa Faza, Faza itapewa hesabu ya mtu ambaye hali humo wala hatibiwi humo, na Riruta Satellite itanyimwa mtu anayesubiri maji humo kila asubuhi. Pili, hata tungerudi wote tulioko Nairobi na Mombasa, ile 22,258 haigeuki 98,000. Hoja ya Lamu Mashariki haiwezi kusimama kwa idadi. Itasimama kwa mambo mengine ambayo Katiba yenyewe imeyataja: jiografia, historia, njia za mawasiliano na maslahi ya jamii. Visiwa, bahari, na Waaweer wa Basuba: hizo ndizo hoja zetu, na ziandikwe mapema.

Kuhesabiwa kwa jina pia kuna faida yake. Wanubi wa Kibera kwa miongo mingi waliwekwa kwenye fungu la "wengineo". Mwaka 2009 walipata namba yao katika sensa, na mwaka 2017 wakapewa hati ya ekari 288 za ardhi ya Kibera. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa mwaka 2017 baada ya kuandamana kwa miguu kwenda Nairobi, na Wapemba mwaka 2023. Sisemi namba ya sensa ndiyo iliyoleta yote hayo. Nasema asiye na mstari kwenye jedwali huanza kila kikao kwa kueleza kwamba yupo.

Basi tufanye nini? Naona mambo matatu.

La kwanza, usiku wa sensa kila nyumba ihesabu watu wake kikamilifu: mtoto wa siku moja, bibi asiyetoka chumbani, mlinzi aliyekuwa kazini, mvuvi aliyeshinda na nyavu baharini.

La pili, tusingoje miaka kumi. Mtaa unaweza kuwa na daftari lake. Kianda ilifanya. Wazee wa mtaa, msikiti, chuo cha watoto na chama cha wavuvi wa bandari wana orodha tayari. Ziunganishwe bila majina: kaya ngapi, bomba ngapi, watoto wangapi wako nje ya shule. Kaunti inapoita wananchi kutoa maoni ya bajeti, mwenye karatasi ya hesabu husikizwa kuliko mwenye kupaza sauti.

La tatu, sisi tulioko Nairobi tuwe na daftari letu pia, tuko wangapi Riruta, Kawangware na Kibera, tunafanya kazi gani, ili tukidai huduma hapa tusiwe wageni wa milele.

Ploti yetu tumeanza. Tumehesabu kaya 34 kwenye kichochoro, bomba mbili, vyoo vinne, taa hakuna. Karatasi moja tu, tumeipeleka kwenye kikao cha wadi. Taa bado hatujapata, lakini kwa mara ya kwanza tuliulizwa, "Hizi takwimu mmezitoa wapi?"

Mama nimemweleza yote haya kwa simu. Amesikiliza, kisha akaniambia, "Vizuri. Sasa nitumie hiyo karatasi, na huku tuanze."