Alama za Austria Chini ya Nyambene

Anayetafuta historia ya Austria huelekezwa Vienna, kwenye kasri la Schönbrunn walikokaa watawala wa ukoo wa Habsburg majira ya joto. Mkazi wa Maua, mji wa milima ya Nyambene nchini Kenya, ana sehemu ya historia hiyo karibu na kwao.

Mwaka 1887 mkabaila Mhungaria Sámuel Teleki na afisa wa jeshi la majini la Austria, Ludwig von Höhnel, waliondoka pwani kwenda bara. Machi 1888 walifikia ziwa kubwa kaskazini, wakaliita Rudolf kwa heshima ya mrithi wa kiti cha enzi kwao. Wenyeji waliokuwa na majina yao ya ziwa hilo hawakuulizwa. Januari iliyofuata Rudolf alifia katika jumba lake la uwindaji huko Mayerling; milki yenyewe ilisambaratika 1918, na mwaka 1975 ziwa likaitwa rasmi Turkana.

Höhnel alirudi 1892 pamoja na Mmarekani William Astor Chanler. Safari hii walipiga kambi hapa hapa Nyambene. Kazi ya Höhnel ya kuchora ramani ilikatizwa 1893, kifaru alipomjeruhi vibaya.

Alama iliyodumu ni kaburi la simba. Joy Adamson alizaliwa 1910 Troppau, mji wa milki ya Austria ambao leo uko Cheki, akafika Kenya 1937. Mwaka 1956 mumewe George, afisa wa wanyamapori, alimpiga risasi simba jike aliyemvamia. Watoto watatu wa simba huyo wakabaki yatima: wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, na wa tatu, Elsa, akalelewa na akina Adamson, kisha akafundishwa kuishi porini kando ya mto Ura. Alikufa Januari 1961 kwa maradhi ya kupe, akazikwa huko. Eneo hilo likawa mbuga ya kitaifa ya Meru mwaka 1966. Joy alipouawa katika hifadhi ya Shaba mwaka 1980, majivu yake yaliletwa Meru.

Jina la Rudolf lilitegemea ukubwa wa milki, nalo likaondoka. Kaburi la Elsa linategemea pori linalolizunguka, na pori hilo linategemea mito ya Ura na Rojewero, ambayo chemchemi zake ziko Nyambene. Kwa hiyo anayekata mti huku juu, au anayeupanda, ana mkono wake katika alama hiyo.