Pakingi ya Shafti: Tone Linalofaa na Tone la Hatari

Mwenye boti ya injini ya ndani, awe Moa, Tanga au Pangani, huenda akashtuka aonapo maji yakidondoka pale shafti ya rafadha inapotokea nje. Si kila tone ni ubovu. Pakingi ni pete za kamba yenye grisi zilizobanwa kuizunguka shafti, nazo hupozwa na maji hayo. Matone machache kwa dakika shafti inapozunguka ni sawa; injini ikizimwa, maji yasichuruzike. Sili za mpira, kwa upande wake, hazipaswi kuvuja.

Anayekaza nati hadi pakauke kabisa hujidhuru: pakingi huungua na shafti hulika. Zima injini, kisha gusa kasha la pakingi. Likiwa la moto usioshikika, limekazwa mno.

Iwapo matone yanazidi hata baada ya kukaza kidogo, pakingi imekwisha. Ibadilishwe chombo kikiwa kimepwelewa wakati wa bamvua, na kazi ikamilike kabla ya maji kujaa. Pete zote kuukuu zitolewe. Mpya zisiongezwe juu yake, na maungio yake yapishane.

Tunakushauri umtake fundi akuonyeshe pete alizotoa na akupe risiti inayotaja kipimo cha pakingi. Kabla ya kuvuka kwenda Pemba, kagua ngama na ujaribu pampu. Mchuruziko usioonekana waweza kuizamisha boti ingali nangani.