Je, Wajua? Siri ya Namba 8.8

Je, wajua kwamba ubora wa kiti kipya cha gari la porini si kitu kama breketi zake, yaani vyuma vinavyokishikilia sakafuni, ni dhaifu? Kiti cha suspensheni, ambacho chini yake hubebwa na mikanda iliyovutwa kwenye fremu ya mabomba badala ya springi, huokoa mgongo kwenye barabara mbovu. Lakini kishikizo cha mkanda wa usalama kikifungwa kwenye kiti, siku ya ajali breketi hubeba sehemu kubwa ya nguvu ya mwili unaorushwa mbele.

Kwa hiyo tazama kichwa cha boliti inayofunga breketi hizo. Namba 8.8 humaanisha chuma chake hustahimili kuvutwa hadi nyutoni 800 kwa kila milimita mraba, na huanza kupoteza umbo kwenye asilimia 80 ya hapo. Ya 10.9 hufika 1,000, kwa asilimia 90. Boliti isiyo na alama ya nguvu haifai hapa, hata iwe nene vipi.

Tumia matundu ya kiwandani. Sakafu hapo imeimarishwa. Ingiza boliti zote kwa vidole kwanza, ndipo ukaze. Na fundi akitaka kutoboa bati tupu bila kuweka kipande cha chuma kwa chini, mkatalie.